Kupandikiza Nywele: Istilahi za Upasuaji na za Siku za Kuuguza

Upasuaji wa kurudisha nywele kichwani si habari ngeni tena kwa wasemaji wa Kiswahili. Wapo wanaoufuata hadi Istanbul, nchini Uturuki, na wapo wanaoutafakari nyumbani, kioo mkononi. Lakini lugha inayoueleza ingali ya matangazo kuliko ya tiba. Humo husemwa "kupanda nywele", "kuotesha nywele" na "kupandikiza nywele", kana kwamba maneno hayo yana maana moja. Katika makala hii tumekusudia kuyapima maneno machache yanayohusika na kupendekeza yale yanayofaa. Hatufanyi hivyo kwa kupenda maneno tu. Mtu hutia sahihi hati ya ridhaa kabla ya kulala juu ya meza ya upasuaji, na anachokiridhia ni kile alichokielewa. Istilahi ikimpotosha, ridhaa yake ina kasoro.

1. Kupanda, kuotesha au kupandikiza?

Mkulima hayachanganyi maneno haya. Akisema amepanda, twaelewa ametia mbegu ardhini. Akisema ameotesha, twaelewa pameota kitu palipokuwa patupu. Lakini akisema amepandikiza, maana yake ni kwamba mche ulikuwa umekwisha ota mahali pengine, naye ameuhamisha pamoja na mizizi yake.

Hilo la mwisho ndilo tendo la daktari. Hutwaa nywele kutoka kisogoni na pande za kichwa cha mgonjwa mwenyewe, akazitia utosini au kwenye mapanja, yaani zile pembe mbili za paji la uso ambapo nywele huanza kurudi nyuma. Hazitwaliwi kwa mtu mwingine, kwa kuwa mwili huzikataa. Kwa hiyo upasuaji haumpi mtu nywele mpya. Zile alizo nazo hugawanywa upya. Neno kuotesha huificha kweli hiyo, na neno kupanda huifunika nusu. Twashauri kupandikiza litumike peke yake, nalo limekwisha zoeleka tunaposema upandikizaji wa figo.

Mtu atauliza: ikiwa nywele za utosini zilikufa, hizo zinazohamishiwa hapo zitaishije? Jibu limo katika historia ya upasuaji wenyewe. Mwaka 1939, nchini Japani, daktari Okuda alieleza jinsi alivyopandikiza vipande vidogo vya ngozi yenye nywele. Huko New York, daktari Norman Orentreich alianza mwaka 1952 kuwapandikiza watu wenye upara, na mwaka 1959 alitangaza alichokiona: unywele uliohamishwa hufuata asili yake, haufuati makao yake mapya. Upara wa kurithi hutokana na homoni inayodhoofisha nywele za mbele na za utosini. Nywele za kisogoni huihimili homoni hiyo, na huendelea kuihimili hata zikihamishwa.

Sehemu zinapotolewa nywele ingeweza kuitwa kitalu. Fananisho hilo lina mvuto, lakini lina ila. Kitalu hutiwa mbegu kila msimu, kisogo hakitiwi. Kilichotolewa hapo hakioti tena hapo. Twapendekeza eneo la akiba, kwa kuwa akiba ni kitu kinachohesabika na kinachokwisha. Upara wa kurithi hauachi kuendelea kwa sababu ya upasuaji. Kijana wa miaka 22 akiimaliza akiba yake kwa kujaza mapanja, huenda baada ya miaka 15 akajikuta ana nywele mbele na uwazi nyuma yake, wala hana pa kutwaa nyingine. Ndiyo maana madaktari makini huwashauri vijana wangoje, na aghalabu hutoa kwanza dawa kama minoksidili au finasteraidi ili kuhifadhi nywele zilizobaki.

2. Unywele, kifuko na kishada

Neno kinyweleo hutumika kwa kitundu kitoacho jasho, na hutumika pia kwa laika inayosimama mtu ashikwapo na baridi. Neno lenye kazi mbili si vema kulipa ya tatu. Mzizi nao ni sehemu ya chini tu ya kitu tunachokitafuta. Twapendekeza kifuko cha unywele, yaani kijifuko cha ngozi ambamo unywele huzaliwa, hukua, hupumzika na huzaliwa tena. Unywele tunaouona na kuuchana ni uzi usio na uhai. Kilicho hai ni kifuko. Tunamwomba msomaji aishike tofauti hiyo, kwani tutaihitaji huko mbele.

Mwaka 1984 mwanasayansi Headington wa Marekani alieleza kwamba nywele za kichwani huota kwa makundi madogo, aghalabu ya nywele 1 hadi 4. Kundi hilo twaliita kishada. Kabla ya ujuzi huo kutumika, madaktari walihamisha vipande vya duara vyenye upana wa milimita 4 hivi, na nywele zikaota mashungi mashungi kama za mwanasesere. Siku hizi hupandikizwa kishada kimoja kimoja.

Na kinachohamishwa kiitweje? Pandikizi lingekubalika kisarufi, lakini Kiswahili kimekwisha kulitumia kwa mtu mwenye umbo kubwa. Basi tumechagua kipandikizi. Hapa istilahi ina thamani ya fedha, maana gharama mara nyingi huhesabiwa kwa vipandikizi. Mtu akitajiwa 2,000, hana budi kuuliza: nywele 2,000 au vipandikizi 2,000? Kwa kuwa kipandikizi aghalabu hubeba zaidi ya unywele mmoja, hesabu moja yaweza kuwa maradufu ya nyingine.

3. Upara si mmoja

Katika mazungumzo twasema upara, na neno likaishia hapo. Kwa anayefikiria upasuaji halitoshi; hatuna budi kutenga walau aina tatu.

Upara wa kurithi tumekwisha ueleza. Wa pili twauita upara wa msuko. Huanzia ukingoni mwa paji la uso na juu ya masikio, kwa nywele kuvutwa miaka mingi na misuko iliyokazwa, iwe twende kilioni, iwe rasta au nywele za kuunga. Mapema, kuulegeza msuko ndiyo dawa. Vifuko vikishakufa, upandikizaji waweza kufaa. Lakini anayerudia msuko wa kukaza ataviharibu hata vilivyopandikizwa.

Wa tatu ni upara wa kovu, ambao ugonjwa wa ngozi huharibu vifuko na kuacha kovu mahali pake. Aina mojawapo, inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, huanzia utosini na kuenea kwa duara. Ugonjwa ukiwa bado hai, kipandikizi huangamia kama vilivyotangulia. Yapasa utulizwe kwanza, na mara nyingi daktari hukata kipande kidogo cha ngozi akakipima kabla ya kutoa shauri. Asiyeambiwa ana upara gani hajawa tayari kutoa ridhaa.

4. Njia ya ukanda na njia ya kuchomoa

Katika njia ya ukanda, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, hushona jeraha, na ukanda hugawanywa vishada chini ya hadubini. Hubaki kovu la mstari mmoja. Katika njia ya kuchomoa, kila kishada huzungushiwa kisu cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 1 hivi au pungufu, kisha huchomolewa. Tumeepuka neno kung'oa, kwa kuwa kinachong'olewa hutoka kwa nguvu na huweza kuacha sehemu yake ya chini. Matangazo huisifu njia hii kuwa haina kovu. Sivyo. Makovu yapo, ila ni madogo na yametawanyika.

Kwa wenye nywele za kipilipili kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Si unywele tu uliojipinda. Kifuko chenyewe kimepinda chini ya ngozi, na kisu kinachoshuka wima hukikata. Daktari asiye na uzoefu wa nywele hizo aweza kuiharibu akiba kubwa kwa siku moja. Kwa upande mwingine, nywele hizo hufunika ngozi vizuri kuliko za singa, hata vipandikizi vichache vikatosha. Tena, aliyewahi kupata kovu la kutuna, lile linalozidi ukubwa wa jeraha lililolizaa, alitaje mapema.

5. Siku za kuuguza

Tumechagua kuuguza badala ya kupona, kwa sababu kupona ni mwisho na kuuguza ni kazi. Jeraha huuguzwa na mwenyewe.

Kwanza ni ganzi. Upasuaji huu kwa kawaida hufanywa kwa ganzi, si kwa nusukaputi: mgonjwa yu macho, aweza kuzungumza, na kazi huweza kuchukua siku nzima. Lakini neno hilo hilo hurudi baadaye, kwani sehemu ya kichwa huweza kufa ganzi kwa majuma au miezi. Hati ieleze yote mawili: ganzi ya dawa, inayokwisha siku hiyo hiyo, na ganzi ya jeraha, inayokwisha polepole.

Kati ya siku ya 2 na ya 5 paji la uso huweza kuvimba, na maji ya mvimbo kuteremka hadi machoni. Hapa tusiandike uvimbe, neno ambalo hospitalini husikika mara nyingi kwa maana ya kinundu kilichoota mwilini, nalo huogopesha. Yatosha kusema: uso utavimba, kisha utanywea. Husaidia kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa siku za mwanzo.

Kila kipandikizi hufanya kigaga. Kiswahili kina msaada mkubwa hapa katika viambishi vyake: vigaga huachwa vibanduke, wala havibanduliwi. Herufi chache hubeba maagizo yote. Kichwa huoshwa kwa namna alivyoagiza daktari, bila kukikuna japo kinawasha, na kati ya siku ya 7 na ya 14 vigaga hutoka. Majuma hayo mtu hujiepusha na kazi nzito, jua kali na sigara. Usaha, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ngozi kugeuka nyeusi, ni ishara za kurudi kwa daktari bila kungoja.

Baada ya hapo huja jambo linalowavunja watu moyo kuliko yote. Kati ya juma la 2 na la 8, nywele nyingi zilizopandikizwa hutoka. Mtu ametumia fedha zake, ameuguza kichwa chake, na sasa anaziona mtoni. Akiwa aliambiwa kwamba nywele "zitang'oka" au "zitanyonyoka", ataamini kazi imeharibika.

Tuyatenge basi maneno manne. Unywele hukatika unapovunjika katikati, kama mafuta na joto la saluni vinavyoufanya. Hunyonyoka unapotoka kwa kuvutwa, kama manyoya ya kuku. Hung'oka unapotoka pamoja na kilichoushika. Na hupukutika unapoanguka kwa wakati wake huku kilichouzaa kikibaki, kama jani liuachavyo mti. Kinachotokea majuma hayo ni kupukutika. Mshtuko wa kuhamishwa hukiingiza kifuko katika mapumziko, nacho huuachilia uzi wake. Uzi umekwenda, kifuko kimo.

Mapumziko hayo huchukua miezi kadhaa. Kuanzia mwezi wa 3 au wa 4 nywele huanza kuchipua, nyembamba kwanza. Kwa kuwa unywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, matokeo huanza kuonekana vizuri baada ya mwezi wa 6, na hayahukumiwi kabla ya mwezi wa 12; utosini huweza kuchelewa hadi wa 18.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Kupandikiza nywele: kuhamisha vifuko hai vya nywele kutoka sehemu moja ya mwili wa mtu hadi nyingine.
Kifuko cha unywele: kijifuko cha ngozi kinachozaa unywele.
Kishada: kundi la nywele 1 hadi 4 zinazoota pamoja.
Kipandikizi: kishada kilichotolewa ili kihamishwe.
Eneo la akiba: sehemu ya kichwa zinapotolewa nywele.
Upara wa msuko: upara uletwao na kuvutwa kwa nywele.
Upara wa kovu: upara ambao vifuko vimeharibiwa na kovu.
Kupukutika: unywele kutoka huku kifuko chake kikibaki hai.

Orodha hii si hukumu ya mwisho. Madaktari, wauguzi, wafasiri na wasusi wana haki ya kuipinga, na pengine yapo maneno ya pwani au ya bara yaliyo bora zaidi ambayo hatujayasikia. Kipimo kiwe kimoja: mtu aliyeketi mbele ya hati, kabla hajachukua kalamu, aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe nini kitatolewa, kitatolewa wapi, na kwa nini katika mwezi wa 2 kichwa chake kitaonekana kama zamani.