Lugha ya Mtoto Mchanga (3): Wafalme, Mbuzi na Neno la Kwanza

Maongezi na mtoto mchanga ni kupokezana. Mtoto hutoa sauti, mkubwa huipokea na kuirudisha, mtoto hutulia akisikiliza, kisha hutoa nyingine. Sauti zenyewe, tangu kilio hadi kubwabwaja, zilielezwa katika sehemu mbili zilizotangulia na hazina haja ya kurudiwa. Kilichobaki ni upande wa mkubwa: kuna faida gani kumjibu mtu ambaye hajajua hata jina lake? Swali hilo limerudi magazetini kwa mlango wa simu, tangu Mamlaka ya Afya ya Umma ya Sweden iliposhauri, Septemba 2024, kwamba watoto walio chini ya miaka 2 wasiwekwe kabisa mbele ya skrini. Wengi wamelichukua kuwa suala la macho na usingizi. Ni suala la lugha pia, na kwa upande huo lina umri mkubwa kuliko umeme.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia katika kitabu chake cha pili habari za Psammetichus, aliyetawala Misri katika karne ya 7 kabla ya Kristo. Mfalme huyo alitaka kujua taifa lipi ni la kale kuliko yote. Akatwaa watoto wawili waliozaliwa karibuni, akamkabidhi mchungaji awalee katika kibanda cha upweke, na kuamuru mtu yeyote asitamke neno mbele yao. Mbuzi waliletwa kwa saa zao ili watoto wapate maziwa. Baada ya miaka miwili, mchungaji alipofungua mlango, watoto walimkimbilia wamenyoosha mikono wakisema “bekos”. Wajuzi wa mfalme walipouliza huku na huku waligundua kuwa Wafrigia huita mkate bekos, na Wamisri wakakubali kwa shingo upande kwamba Wafrigia wamewatangulia. Wasomaji wa baadaye wamewakumbuka mbuzi. Mswahili husikia mbuzi akilia “mee”, lakini Wagiriki wa kale waliuandika hata mlio wa kondoo kwa herufi ya b. Kama kisa hicho kilitokea kweli, watoto wale walikuwa wakiiga viumbe pekee waliowahi kuwatolea sauti.

Ushupavu huo wa kifalme haukuishia Misri. Salimbene wa Parma, mtawa wa Kifransisko wa karne ya 13, aliandika kwamba Kaizari Frederick wa Pili aliwaagiza walezi wawanyonyeshe na kuwaogesha watoto bila kuwasemesha, apate kujua kama watasema Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kiarabu au lugha ya wazazi wao. Watoto, asema Salimbene, wakafa wote, kwa kuwa hawakuweza kuishi bila kupigiwa makofi, kuonyeshwa nyuso za furaha na kuambiwa maneno ya kubembeleza. Salimbene hakumpenda Kaizari, na maneno yake hayana budi kupimwa kwa mizani hiyo. Mfalme James wa Nne wa Uskoti naye anasimuliwa kuwa mnamo 1493 alipeleka watoto wawili katika kisiwa cha Inchkeith pamoja na mwanamke bubu. Wako waliodai kwamba watoto hao walirudi wakisema Kiebrania safi, dai ambalo hata mwandishi aliyelisimulia hakulidhamini.

Jaribio lenye ushahidi wa kuaminika zaidi ni la Akbar, mfalme wa Wamogoli wa India. Karibu na mwaka 1578 aliamuru watoto wachanga walelewe na walezi wasiosema, katika jumba lililokuja kuitwa Gung Mahal, yaani mahali pa mabubu. (Neno hilo mahal na mahali ya Kiswahili yametoka katika shina moja la Kiarabu.) Akbar alipolizuru jumba mwaka 1582 hakusikia Kiebrania wala Kiajemi. Alisikia sauti za mabubu tu, akaondoka na jibu ambalo mama yeyote wa kijijini angempa bila kumnyang’anya mtu mtoto: lugha haichipuki yenyewe kifuani, hupokewa kutoka kwa mtu.

Hupokewa vipi, ndilo jambo walilochelewa kulitazama wataalamu. Charles Darwin aliweka kumbukumbu za mwanawe William, aliyezaliwa Desemba 1839, na kuzichapisha mwaka 1877. Alipotimiza mwaka mmoja mtoto alijitungia neno “mum” kwa maana ya chakula. Alipoomba alilitamka kwa mkunjo wa swali mwishoni, na sukari akaiita “shu-mum”. Neno halikuwa la Kiingereza, na bila mtu wa kulipokea lisingedumu. Mwaka 1960 mwanaisimu Roman Jakobson alieleza chanzo cha sauti ya aina hiyo. Mtoto aliyebana midomo kwenye titi hana njia nyingine ya kutolea sauti ila puani, na itokayo huko ni “mmm”. Baadaye huitoa hata bila titi, akitaka chakula au akimtaka aletaye chakula. Jakobson alitumia orodha ya majina 1,072 ya mama na baba iliyokusanywa na George Peter Murdock kutoka lugha mbalimbali za dunia. Sauti za puani zilijaa kwa akina mama, si kwa akina baba. Mtoto, basi, hutoa mguno. Anayeugeuza kuwa “mama” ni mwanamke anayeugeukia na kuuitika.

Kwa sababu hiyo dharau dhidi ya lugha ya kitoto haina msingi. Charles Ferguson alilinganisha mwaka 1964 namna watu wazima wanavyosema na watoto katika lugha sita, zikiwemo Kiarabu, Kihispania na Kimarathi, akakuta mambo yanayofanana: silabi nyepesi, maneno ya kurudufu, sauti ya juu. Kiswahili nacho kina “nyonyo” na kina “dede”, neno ambalo halina kazi nyingine kubwa ila kumsimamisha mtoto. Bibi anayeimba “simama dede” huku ameshika vidole vya mjukuu anaunganisha neno, mwendo na uso kwa pamoja. Msomi anayemkanya kwamba anaiharibu lugha ya mtoto ndiye anayehitaji kusoma zaidi.

Si lazima mpokeaji awe mama. Mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake walikuta kwa Wagusii wa Kenya kwamba mama alimbeba mtoto, akamnyonyesha na kumtuliza upesi, lakini hakumsemesha sana wala kumkodolea macho. Watoto hao walijifunza lugha yao barabara, maana walilelewa na kaka na dada ndani ya boma lililojaa watu. Vipeperushi vya malezi vinavyomhukumu mama huyo kwa kipimo cha akina mama wa Boston, Marekani, huliacha boma nje ya hesabu.

Anapofikia kuunganisha maneno, mtoto wa Kiswahili ana mzigo wake. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba viambishi vya nafsi na vya wakati huangushwa mara nyingi, ilhali irabu ya mwisho ya kitenzi haianguki. Mtoto akisema “baba enda”, jibu lifaalo ni “ee, baba amekwenda kazini”. Hakukemewa, na viambishi vyake amerudishiwa.

Simu haiwezi kurudisha hivyo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwaletea watoto Wamarekani wa miezi 9 wasemaji wa Kichina kwa vikao 12. Waliochezeshwa na mtu ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliowaona na kuwasikia wasemaji wale wale kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Edward Tronick naye alikwisha kuonyesha, mwaka 1978, kwamba mama akiukausha uso ghafla mtoto humtabasamia, humrushia mikono, kisha hugeuka na kukata tamaa. Mzazi aliyezama kwenye simu yake huonyesha uso kama huo mara nyingi kwa siku.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe skrini, na wa miaka 2 asizidishe saa moja kwa siku. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2016, waliwaruhusu walio chini ya miezi 18 jambo moja tu, simu ya video. Bibi aliyeko Maskati huonekana kwenye kioo kile kile kinachoonyesha katuni, ila yeye, mjukuu akiguna, huguna naye.