Anza na kozi, kombi ifuate (kwa mliomaliza kidato cha nne)



Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la Selform ili waliofaulu wabadili kombi na vyuo walivyojaza wakiwa bado shuleni. Msimu huo kafe ya mtaani kwetu inajaa kweli kweli. Na mimi kwa kuwa sibanduki pale, nimegeuka karani wa bure. Dogo anavuta kiti, anatoa namba ya mtihani, tunaingia, halafu anasema, "Braza, niwekee PCB." Nikimuuliza chuo anataka kusoma nini, anaangalia ukuta. Wengine hujibu, "Chochote tu, ila kombi iwe ya sayansi."

Jamani! Huko ni kupanda basi kwanza, ndipo umuulize konda linaelekea wapi.

Tuelewane kwanza. Kombi (serikali inaita tahasusi, wakubwa zetu walisema mchepuo) ni yale masomo matatu utakayobanana nayo kidato cha tano na sita. Zilikuwa 16. Machi 2024 serikali ikaongeza nyingine 49, zikafika 65, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Watu wakiona orodha ndefu namna ile wanachoka, wanarudi kwenye zile walizozisikia tangu utotoni. Sio dhambi. Ila wanachagua kwa sifa: PCM ya vichwa, HKL ya waliobaki. Hapo ndipo ninapogombana nao.

Chuo hakina habari na sifa ya kombi yako. Chuo kinaangalia masomo yaliyomo na alama ulizopata, basi. Na haya mambo sio siri. TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, uko bure kwenye tovuti yao. Ni vitabu viwili, kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wanaoingia na diploma. Kila kozi ya kila chuo imeandikwa mle na masomo inayoyataka. Kipakue, kiweke kwenye flashi au simu, tafuta kozi yako, kisha urudi nyuma hadi kwenye kombi.

Kuna dogo alikuja anataka kuwa daktari, na kwenye Selform alishajaza CBG. Kisa? Washkaji walimwambia Fizikia inaua. CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. Ni kombi nzuri sana kwa mtu wa kilimo, misitu, mazingira au wanyamapori, ukienda SUA Morogoro utawakuta wa kutosha. Lakini udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na pointi zisizopungua 6. Kwa hiyo mlango wa udaktari ulikuwa umeshajifunga siku aliyobofya CBG, miaka miwili kabla hajaiona karatasi yoyote ya kidato cha sita. Na hapo Fizikia ana C! Tulibadilisha pale pale, nikamwambia jasho la Fizikia atalifuta mwenyewe.

Uhandisi nao una mambo yake. Kozi nyingi za uhandisi zinasimama juu ya Fizikia na Hisabati, na Kemia mara nyingi inatosha ile ya kidato cha nne. Kwa hiyo mtu wa PGM anayependa Jiografia kuliko Kemia bado anaweza kujenga madaraja. Wengi hawajui, wanajilazimisha PCM na Kemia wanaichukia. (Uhandisi wa kemikali ni habari nyingine, huko huiepuki.)

Sasa pointi, maana hapa ndipo wengi wanapolia. Kidato cha sita A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kuanzia E kwenda juu ndiyo wanaita prinsipo. S haihesabiki kama prinsipo. Kuingia digrii unahitaji prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu, tena katika masomo ambayo kozi yako inayataka. Chukua mtu wa PCM aliyepata E, E na S. Ana pointi 2 za prinsipo. Digrii hakuna. Jirani yake wa HGL kapata C, C na D, zile mbili nzuri tu zinampa 6. Hakuna anayekuongezea pointi za huruma eti kwa sababu kombi yako ilikuwa ngumu. Simaanishi mkimbie sayansi, nchi inawahitaji. Namaanisha uangalie alama zako za kidato cha nne kwa macho makavu. Ukiwa na D ya Hisabati uliyoipata kwa kusali, ile Hisabati ya PCM haitakuwa mpole kwako.

Na hii Hisabati, ngoja niiseme vizuri kwa sababu ndiyo inawakamata wengi bila kujua. Yupo dada alitaka kufanya kazi benki. Hisabati ana F, kachagua HKL akifurahi kwamba ameagana nayo. Sasa fungua mwongozo, angalia kozi za uhasibu, biashara na uchumi. Nyingi zinasema kama hukusoma Hisabati ya juu, basi uwe umefaulu BAM, ile Hisabati ndogo wanayosoma watu wa HGE, ECA, PCB na CBG, au uwe na ufaulu wa Hisabati ya kidato cha nne. HKL haina BAM. Kidato cha nne ana F. Kwa hiyo hata akipata A tatu, benki aliyoiota inamkataa kwenye fomu! Yeye tulikaa tukaongea kurudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akiendelea na masomo. F ya Hisabati haifi, inakusubiri mbele.

Sheria kwa upande mwingine wala msiigombanie, watu wa HGL, HKL na HGE wote wanaisoma.

Halafu kumbukeni kidato cha tano sio njia pekee. Kwenye Selform vyuo vya kati vimo. Kama unataka utabibu na una angalau D nne, zikiwemo za Kemia, Baiolojia na Fizikia, kuna diploma ya tabibu ya miaka mitatu. Baadaye ukiwa na GPA ya 3.0 unaweza kuomba digrii, ila soma kile kitabu cha pili, kozi nyingine zinataka zaidi. Wazazi wengi wanaona chuo cha kati ni aibu. Mimi sioni aibu ya mtu kuwa na kazi akiwa na miaka 21.

La mwisho ni shule. Sio kila shule ina kila kombi, hasa hizi mpya. Ukiona kombi imekukaa vizuri, piga simu au tafuta aliyesoma pale, muulize kama walimu wa masomo hayo wapo na kama maabara ina vifaa au ina jina tu.

Mwenye utata aandike hapo chini kozi anayoitaka na alama zake za kidato cha nne. Namba ya mtihani usiiweke hadharani, watu wasije wakakubadilishia machaguo. Nitajibu nikipata mtandao, na waliopo vyuoni nao wachangie.