Chakubanga Akitaka Kuwa Riwaya, Aulizwe Nani?

Kijana mmoja wa Nkuhungu, mjini Dodoma, ametuletea daftari mbili nene zilizojaa hadithi aliyoiandika kwa mkono. Shujaa wake si mgeni kwa wasomaji: ni Chakubanga, yule aliyechorwa na Ndugu Christian Gregory katika kurasa za Uhuru tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kijana amemtoa katika visanduku vya katuni, akamleta Nkuhungu, akamtia katika mbio za kutafuta kiwanja baada ya Serikali kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Atuuliza: je, yafaa kitabu hiki kipigwe chapa?

Swali hilo si la mzaha. Sisi tuliosomeshwa na mapadre tulilificha gazeti la Sani chini ya kitabu cha sala, tukamsoma Lodi Lofa na Kipepe huku sikio likisikiliza viatu vya mwalimu. Hatukudhani kwamba vichekesho vile vingeweza kuwa vitabu. Lakini huko Marekani jambo hili ni la zamani. Superman alitokea katika gazeti la picha mwaka 1938, na kufika mwaka 1942 George Lowther alikwisha kumwandikia riwaya. Lowther hakuyanakili mapigano tu. Alikaa kitako akasimulia habari za wazazi wa shujaa na nchi yao iliyoangamia, mambo ambayo picha ziliyapita mbio.

Na hapo ndipo daftari za kijana wetu zinapopungua. Chakubanga aanguka mtaroni, naye mwandishi aongeza: "Watu wakacheka sana." Katika katuni, mstari mmoja wa kalamu watosha kutuchekesha, katika riwaya hapana budi maneno yenyewe yaifanye kazi hiyo. Msomaji hachekeshwi kwa kuambiwa kwamba wengine wamecheka. Kinyume chake, sura ambamo Chakubanga akesha akihesabu fedha za kiwanja, akiona haya kumwambia mkewe kwamba hazitoshi, ni nzuri mno. Hakuna kisanduku cha katuni kingeweza kuichukua.

Wala si kwamba kwetu picha na riwaya hazijapata kukaa nyumba moja. Faraji Katalambulla, aliyetutolea Simu ya Kifo mwaka 1965, ndiye pia aliyeshughulika na Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha zilizopigwa kwa kamera. Alivuka ua huo pasipo kuomba radhi kwa yeyote.

Lakini Katalambulla alivuka na mali yake mwenyewe. Kijana wetu amechukua mtu wa mwenziwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake igeuzwe kuwa kitu kingine, na haki hiyo hudumu maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo sharti aulizwe mchoraji, au warithi wake, na gazeti lililomchapa pia liulizwe, maana haki za kalamu ya mwajiriwa huwa na mikataba yake. Mlango wa kuanzia ni Ofisi ya Hakimiliki.

Wako watakaosema kwamba Chakubanga ni wa watu wote, kwa kuwa sote tumekua naye. Maneno hayo ni matamu, lakini aghalabu husemwa na mtu asiyechora. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni yule Superman, waliuza haki zao zote mwaka 1938 kwa dola 130. Watu wengine wakatajirika, nao wawili wakazeeka katika dhiki, hata mwaka 1975, baada ya kelele nyingi za magazeti, ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao juu ya kazi yao.

Daftari tumemrudishia kijana, pamoja na barua. Tumemshauri asimpe mpiga chapa hata senti moja kabla hajapata ruhusa kwa maandishi. Na kama akinyimwa, ambadilishe mtu wake jina, sura na tabia, hata asibaki Chakubanga kabisa. Ile sura ya usiku wa kuhesabu fedha asiiguse.