Fahamu: Chakula hai chenye vitamini kwa samaki wa mapambo wa baharini

Samaki wengi wa mapambo wa baharini, wakiwemo wanaosafirishwa kutoka pwani ya Kenya, bado huvuliwa katika miamba ya matumbawe, kwa kuwa kulea vifaranga wao ni kazi ngumu. Vifaranga wa Amphiprion, samaki aishiye kwenye anemoni, huanzia rotifera, yaani wanyama wadogo mno wa majini, kisha hupewa artemia, jamaa mdogo wa kamba. Artemia aliyetoka kuanguliwa hawezi kula. Hujiambua baada ya saa 8 hivi, ndipo, kabla ya kupewa vifaranga, humeza matone ya mafuta ya samaki yaliyochanganywa na vitamini C, vitamini ambayo samaki wengi hawawezi kujitengenezea, na ikikosekana uti wa mgongo wao hupinda. Hapa muda una uzito mkubwa, kwani artemia akicheleweshwa kuliwa huyatumia mafuta hayo mwenyewe.