Wenye Matangi ya Samaki na Sauti Yao Serikalini

Mtu akiambiwa ya kwamba wafugaji wa samaki wa mapambo wamefanya mikutano, wamechanga fedha na kupeleka hoja zao serikalini, huenda akacheka na kusema kuwa huo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sisi hatucheki. Huko Marekani watu hao wamejiunga katika vyama vya miji, na tangu mwaka 1988 vyama hivyo vina muungano wao uitwao MASNA. Kujiandikisha pamoja na kusema kwa sauti moja ni silaha ambayo kila mfanyakazi aijua, nayo yafaa tuone jinsi ilivyotumika mahali tusipopatazamia.

Jambo lilianza mwaka 2009, wakati shirika la Center for Biological Diversity lilipoiomba Serikali ya Marekani iwekee ulinzi aina 83 za matumbawe, kwa Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka ya mwaka 1973. Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali ilitoa pendekezo la kuandikisha aina 66, na 12 kati ya hizo ziwekwe katika daraja la juu la hatari. Hapo ndipo wenye matangi waliposhtuka.

Sababu ya kushtuka ni hii. Mwenye tangi la maji ya chumvi hukata kipande cha tumbawe, akakigandisha juu ya jiwe, nacho hukua; kisha hukata tena akampa au kumwuzia mwenziwe. Kwa njia hiyo yako matumbawe mengi madukani na majumbani ambayo hayakupata kuiona bahari. Lakini kiumbe akiisha kuwekwa katika daraja la juu, ni marufuku kumwingiza nchini au kumwuza kutoka jimbo hadi jimbo, wala sheria haiulizi kama alizaliwa baharini au katika tangi la jirani. Basi wafugaji na wafanya biashara wakaandika barua, kwa kuwa sheria za nchi ile zawataka wakuu kupokea maoni ya raia kabla ya kukata shauri.

Shauri lilikatwa mwezi wa Agosti 2014. Zikaandikishwa aina 20 tu, zote katika daraja la chini, ambalo marufuku zake haziji zenyewe ila Serikali itunge kanuni ya pekee. Hatusemi ya kwamba barua hizo ndizo zilizogeuza neno. Wataalamu walikuwa wamepata habari mpya juu ya wingi wa matumbawe na mahali yanapoenea. Lakini lililo kubwa ni kwamba katika kupima hatari, wakuu waliweka joto la bahari na magonjwa juu kabisa, na biashara ya matangi karibu na mwisho.

Wenye matangi walifurahi, nasi twaelewa furaha yao. Hata hivyo twauliza: ikiwa joto ndilo linaloua matumbawe, mbona sauti ile iliyopazwa kwa ajili ya tangi haikusikika kwa nguvu ile ile kwa ajili ya bahari? Tena iko habari ya sumu ya sayanaidi, iliyoanza kutumiwa Ufilipino katika miaka ya 1960 na kuenea Indonesia, ambayo mzamiaji huipulizia katika matumbawe ili samaki alewe ashikwe kwa urahisi. Tumbawe hufa, na samaki wengi hufa baada ya kuuzwa. Mzamiaji alipwaye senti chache ndiye alaumiwaye, na aliyenunua kwa bei rahisi haulizwi neno.

Mfano ulio bora waonekana Hawaii, ijapokuwa nao haukwisha kwa amani. Sheria ya mwaka 1998 iliagiza ya kwamba si chini ya asilimia 30 ya pwani ya magharibi ya kisiwa kikubwa ifungwe kwa wavuaji wa samaki wa matangi. Lililotupendeza ni kwamba wavuvi, wapiga mbizi na wakazi waliketi katika baraza moja wakachagua sehemu 9 za kufunga, na katika sehemu hizo samaki wa manjano wa jamii ya kangaja, anayetafutwa kuliko wote, aliongezeka. Wenyeji wengi hawakuridhika. Mwezi wa Septemba 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya Hawaii ilisema kuwa vibali havifai kutolewa pasipo kwanza kuchunguza madhara, na tangu hapo wafanya biashara na watetezi wa bahari wamekuwa wakivutana barazani na mahakamani.

Jambo hili si la mbali kama lionekanavyo. Katika pwani ya Kenya wako wazamiaji wanaoshika samaki hai kwa nyavu, samaki wanaosafirishwa kwa ndege katika mifuko ya maji hadi Ulaya na Marekani. Neno likikatwa Washington kwamba samaki fulani asiingie, ni mkate wao unaokatwa, na barua zinaposomwa huko ni za wenye kununua na wenye kukataza. Twataka kuona vyama vya wazamiaji hao navyo vikiandika barua zao, kwa Kiswahili kama ikibidi, na vyama vya wenye matangi, ambavyo vina mawakili na njia zote, vizifikishe mezani pamoja na zao.