Nguvu za Motokaa na Moshi Wake

Katika nchi nyingi watu hubishana juu ya motokaa. Wako wasemao ya kuwa motokaa ziendazo kwa mafuta ya dizeli ziachwe, na mahali pake zitumiwe motokaa za umeme, kwa kuwa hizi hazina moshi. Wengine hujibu ya kuwa umeme nao mara nyingi hutengenezwa kwa moto, na moto una moshi. Basi faida iko wapi? Kila upande una neno la kweli. Mtu atakaye kuamua yafaa ajue kwanza kila gari hupata wapi nguvu zake, na moshi wake huenda wapi.

Mashine ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani mmoja, jina lake Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Kila mtoto aliyepata kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua ya kuwa pampu hupata moto. Sababu yake ni kwamba hewa ikishindiliwa huwa na joto. Diesel alilitumia jambo hilo. Katika mashine yake hewa hushindiliwa sana hata inakuwa na joto kali. Kisha mafuta hurushwa ndani, nayo huwaka papo hapo pasipo cheche. Mwaka 1897 mashine hiyo ilijaribiwa katika mji wa Augsburg, ikaonekana ya kuwa yafanya kazi kubwa kwa mafuta machache kuliko mashine nyingine za wakati ule. Leo yasukuma meli, malori, mabasi na matrekta, na vijijini yasaga nafaka. Mkulima akaaye mbali na mji, ambaye mahindi yake hufika sokoni kwa lori, hawezi kuidharau.

Walakini moshi wa dizeli una madhara mawili makubwa kwa afya. La kwanza ni masizi. Chembe zake ni ndogo mno. Unene wa unywele mmoja wazipita mara 30 na zaidi. Kwa hiyo pua haiwezi kuzizuia, nazo huingia mpaka ndani ya mapafu. La pili ni hewa kali. Hewa avutayo mwanadamu ni mchanganyiko, na sehemu yake kubwa ni naitrojeni na oksijeni. Mbili hizi hukaa pamoja bila kuungana, lakini katika joto la mashine huungana, zikawa hewa ya sumu iumizayo koo na mapafu. Tena mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza ya kuwa moshi wa dizeli huwaletea wanadamu saratani.

Madhara hayo si maneno ya vitabuni tu. Katika mji wa London alikuwako mtoto wa kike aliyekaa karibu na barabara yenye magari mengi. Aliugua pumu kali, akapelekwa hospitali mara nyingi, akafa mwaka 2013, naye alikuwa na umri wa miaka 9. Mwaka 2020 hakimu wa kuchunguza vifo aliamua ya kuwa uchafu wa hewa, uliotoka hasa katika magari, ulikuwa mojawapo wa sababu za kifo chake. Kabla yake hapakuwa na mtu katika Uingereza ambaye cheti chake cha kifo kiliandikwa sababu hiyo.

Mtu atauliza, Kwa nini basi nchi za Ulaya zilijaza magari ya dizeli katika miji yao? Jibu lake lina mafundisho. Tangu miaka ya 1990 serikali nyingi za huko ziliwavuta watu wanunue motokaa za dizeli kwa kupunguza kodi. Hazikufanya hivyo kwa nia mbaya. Zilitaka kupunguza hewa ya kaboni, ambayo hupanda angani na kuzuia joto la dunia lisitoke, hata nchi na bahari zikazidi kupata joto. Kwa kuwa dizeli hutumia mafuta machache, ilionekana kwamba hutoa kaboni kidogo kuliko petroli. Basi walipima kaboni kwa uangalifu, lakini masizi na ile hewa kali hawakuvitia katika mizani kama ilivyopasa.

Wengine walizidisha kosa kwa hila. Mwezi wa Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza ya kuwa kampuni ya Volkswagen iliweka maarifa ya siri katika motokaa zake za dizeli. Motokaa iliweza kutambua kwamba inapimwa, nayo ikasafisha moshi wake. Lakini ilipokwenda barabarani ilitoa hewa kali kupita kiasi cha sheria, hata mara 40. Kampuni yenyewe ilikiri ya kuwa motokaa zipatazo milioni 11 katika dunia zilitiwa hila hiyo.

Sasa na itazamwe motokaa ya umeme. Hiyo si kitu kipya kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, aliendesha gari la umeme karibu na Paris kwa mwendo uliopita kilomita 100 kwa saa, na kabla yake hakuna motokaa iliyofikia mwendo huo. Lakini betri za siku zile zilikuwa nzito na hazikuweza kuweka nguvu nyingi, basi mafuta yakashinda. Siku hizi betri zimetengenezwa vizuri zaidi. Motokaa ya umeme haina bomba la kutolea moshi, wala haipotezi nguvu nyingi. Katika gari la mafuta zaidi ya nusu ya nguvu hupotea kuwa joto bure. Katika gari la umeme sehemu kubwa ya nguvu hugeuka kuwa mwendo.

Lakini umeme wenyewe watoka wapi? Hapo ndipo penye kiini cha mabishano. Katika nchi ya Norwe karibu umeme wote hutoka katika maji ya mito na mabwawa. Mwaka 2024, katika kila motokaa mpya 10 zilizouzwa huko, karibu 9 zilikuwa za umeme, na moshi wao ulipungua kwelikweli. Katika Afrika ya Kusini mambo ni mengine, maana sehemu kubwa ya umeme hupatikana kwa kuchoma makaa ya mawe. Gari la umeme likipita Johannesburg, wapitao njiani hawavuti moshi wake. Lakini dohani kubwa katika jimbo la Mpumalanga zatoa moshi, na watu wa huko huuvuta. Moshi haukwisha, sehemu yake imehamishwa tu.

Afrika ya Mashariki ina bahati katika jambo hili. Huko Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, visima virefu vimechimbwa katika ardhi yenye moto, na mvuke upandao wageuza mitambo ya umeme tangu mwaka 1981, usiku na mchana. Karibu na Ziwa Turkana vimesimamishwa vinu vya upepo 365. Katika Tanzania bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, lina mitambo yenye nguvu za megawati 2,115. Nguvu za namna hii huitwa nguvu zisizokwisha, kwa kuwa zatumiwa leo na kesho zapatikana tena. Hata hivyo jua huchwa, upepo hutulia, na ukame hupunguza maji. Kwa hiyo nchi yenye busara haitegemei moja tu, bali huzichanganya ili moja ikipungua nyingine isaidie.

Wenye kuipenda dizeli husema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Wanakumbusha ya kuwa gari la umeme ni ghali kununua, na ya kuwa kijiji kisicho na umeme hakiwezi kulitumia. Tena betri kubwa ikitengenezwa kiwandani hutoa kaboni nyingi, hata gari la umeme huanza safari yake likiwa na deni. Maneno haya ni ya kweli. Deni hilo hulipwa kidogo kidogo kadiri gari liendavyo: hulipwa upesi mahali penye umeme wa maji au wa mvuke, na polepole mahali penye umeme wa makaa.

Liko na jambo lingine zito zaidi. Betri nyingi huhitaji madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi. Huko wako wachimbaji wa mikono waingiao katika mashimo yasiyo na egemeo, na watoto wameonekana miongoni mwao, ambao mahali pao ni shuleni. Hewa ya mji mmoja haifai kusafishwa kwa mapafu ya watoto wa mji mwingine. Ndiyo sababu wako mafundi waliobuni betri zisizo na kobalti, ambazo sasa hutumiwa katika motokaa nyingi, na wengine huyeyusha betri kuukuu ili madini yake yatumike tena.

Basi swali, Gari lipi ni bora? halijibiwi kwa kutazama bomba la moshi peke yake. Ulaya ilipima kitu kimoja, ikasahau kingine, na walioumia ni wakaao kando ya barabara. Atakaye kubishana kwa haki na aifuate njia yote: tangu shimo litokapo madini, mpaka mtambo utoapo umeme, mpaka barabara gari lipitapo, mpaka jaa litupwapo betri. Na kila mahali aulize jambo moja: Ni nani akaaye hapa, naye huvuta hewa gani?