Zabuni bila malipo ya mapema haimfai fundi

KASESE. Seremala wa Kyondo au Bwera anaweza kuiuzia serikali madawati. Uganda ilirekebisha sheria ya manunuzi ya umma mwaka 2021, ikaruhusu baadhi ya zabuni zitengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Jirani zao wa Kenya wametengewa asilimia 30 kwa sheria ya 2015.

Hata hivyo, kupata zabuni ni hatua ya kwanza tu. Mbao, misumari na vibarua hulipwa kabla dawati halijafika shuleni. Malipo ya serikali yakichelewa, mtaji mdogo hukwama na karakana husimama. Lengo lipimwe kwa fedha zilizomfikia fundi, si kwa mikataba iliyosainiwa pekee.